SOMO LA ROBO HII: KUTOKA INCHI HADI MITA
Jinsi ya kubadili vipimo vya urefu bila kupoteza sadaka ya waumini

Katika matoleo yaliyopita tulijifunza namna ya kutunza daftari la stoo na namna ya kuandika taarifa ya robo mwaka. Safari hii tunaomba tujifunze jambo ambalo wengi wetu tulilisoma shule ya msingi tukaliacha huko huko, yaani kubadili inchi na futi kuwa mita. Tumelichagua kwa sababu limetugharimu, na aliyekosea tulikuwa sisi wenyewe wa ofisi ya miradi.

Kilichotokea Igoma

Usharika mmoja wa eneo la Igoma, pembeni ya barabara kuu iendayo Musoma, ulikuwa ukijenga darasa la chekechea. Waumini walifyatua matofali na kusimamisha kuta, na wafadhili wakachangia paa. Ilikuwa mwezi Septemba na mvua za vuli zilikaribia, kwa hiyo tuliamua kenchi zitengenezwe kwenye karakana ya mbao wakati lenta ikiendelea kukauka.

Fundi alipima upana wa jengo, ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, akapata futi 20 na inchi 10. Kwenye daftari aliandika 20.10, kama mafundi wengi wanavyoandika. Daftari lilipofika ofisini tuliingiza namba hiyo kwenye kompyuta. Kompyuta haijui kwamba nukta ile inatenganisha futi na inchi. Iliona sifuri ya mwisho haina kazi, ikaiondoa, ikabaki 20.1. Tukazidisha kwa 0.3048 tukapata mita 6.13, tukaipeleka karakana. Kenchi 9 zikatengenezwa.

Upana wa kweli ulikuwa mita 6.35. Kenchi zilikuwa fupi kwa sentimita 22.

Siku ya kupaua, kenchi ya kwanza ilipopandishwa ili kujaribiwa, ilikalia ukuta kwa sentimita 4 tu kila upande, wakati ukuta wenyewe ni wa inchi 6, yaani sentimita 15. Baadhi ya wanakamati walishauri ipigiliwe hivyo hivyo kwa sababu mvua inakuja na fedha imekwisha. Fundi aliishusha, akasema, "Mratibu, hii siipandishi. Chini yake watakaa watoto." Kisha akauliza, "Ile ishirini na kumi yangu mliisomaje?"

Tulifungua daftari mbele yake na kosa likaonekana mara moja. Kenchi zote 9 zilibomolewa, mbao za chini zikanunuliwa upya, na watoto wakaendelea kusomea chini ya mwembe kwa wiki mbili zaidi. Tuliwaandikia wafadhili kueleza jambo lenyewe lilivyokuwa. Tunamshukuru Mungu kwa fundi yule, maana hasara yetu iliishia kwenye mbao.

Kwa nini vipimo viwili?

Huenda mtu akauliza kwa nini tusiache inchi kabisa. Shuleni watoto wetu hufundishwa mita, na michoro ya majengo huandikwa kwa milimita. Hata hivyo ukienda dukani utaambiwa mbao ya mbili kwa nne, futi 12. Misumari ya inchi 4. Bomba la robo tatu. Tofali la inchi 6. Mbao zinazotoka katika mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe, au Buhindi, zikifika Mwanza hutajwa kwa inchi na futi. Hata mvuvi ukimwuliza ukubwa wa macho ya wavu wake, atakujibu kwa inchi.

Mazoea haya yana historia. Wajerumani walitumia mita. Waingereza waliotawala Tanganyika baada yao walileta inchi, futi na yadi. Katika miaka ya 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Victoria, akapendekeza macho ya nyavu za kutega yasiwe chini ya inchi 5. Kwa kipimo cha leo hiyo ni milimita 127. Nchi yetu ilipohamia mita baada ya uhuru, sheria na vitabu vilibadilika, lakini midomo ya mafundi na wauzaji haikubadilika yote.

Kwetu sisi wa kanisa kuna sababu nyingine. Rafiki zetu wa Ujerumani na Sweden hututumia michoro ya mita na milimita, na rafiki zetu wa Marekani hufikiri kwa futi na inchi. Mradi mmoja unaweza kuwa na mchoro wa milimita, ahadi ya mfadhili iliyoandikwa kwa futi za mraba, na fundi wa Igoma anayepima kwa inchi. Kwa hiyo ni lazima mtu mmoja kwenye kamati ajue kubadili kwa uhakika.

Kanuni ni moja tu

Zamani inchi ya Marekani na ile ya Uingereza zilitofautiana kidogo sana. Tarehe 1 Julai 1959 yalianza kutumika makubaliano ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini kwamba yadi moja ni mita 0.9144 kamili. Yadi ina inchi 36. Ukigawa 0.9144 kwa 36 unapata:

Inchi 1 = mita 0.0254 (au sentimita 2.54, au milimita 25.4)

Hakuna kukadiria hapa. Namba hiyo ni kamili. Kwa kuwa futi ina inchi 12, futi 1 = mita 0.3048. Mwanakamati akishika namba hii moja ya 0.0254, nyingine zote atazipata mwenyewe.

Hatua nne za kufuata

1. Geuza kila kitu kuwa inchi kwanza. Zidisha futi kwa 12, kisha jumlisha inchi zilizobaki.
2. Geuza vipande vya inchi kuwa desimali. Robo ni 0.25, nusu ni 0.5, robo tatu ni 0.75. Moja ya nane (1/8) ni 0.125, 3/8 ni 0.375, 5/8 ni 0.625, na 7/8 ni 0.875.
3. Zidisha jumla kwa 0.0254. Jibu ni mita.
4. Punguza tarakimu mwishoni tu, mara moja, na uandike jina la kipimo mbele ya namba.

Mfano wa kwanza. Mlango wa futi 3 kwa futi 7. Upana ni 3 x 12 = inchi 36; 36 x 0.0254 = mita 0.9144. Urefu ni 7 x 12 = inchi 84; 84 x 0.0254 = mita 2.1336. Kwa fundi wa fremu tutaandika milimita 914 kwa milimita 2,134.

Mfano wa pili. Dirisha lenye upana wa futi 4 na inchi 6. Inchi zote ni 48 + 6 = 54; 54 x 0.0254 = mita 1.3716, yaani mita 1.37.

Mfano wa tatu. Kipande cha inchi 57 na 5/8. Andika 57.625, zidisha kwa 0.0254, jibu ni mita 1.463675, yaani mita 1.464.

Mfano wa nne ni ule uliotushinda. Futi 20 na inchi 10 ni 240 + 10 = inchi 250; 250 x 0.0254 = mita 6.35. Mtoto wa darasa la sita mwenye karatasi angelipata jibu hili. Sisi tulikuwa na kompyuta tukalikosa, kwa sababu tuliruka hatua ya kwanza.

Ukitaka kurudi kutoka mita kwenda inchi, gawa kwa 0.0254. Mchoro ukisema mita 2.40, basi 2.40 gawanya kwa 0.0254 ni inchi 94.49. Ndani yake kuna futi 7 (inchi 84) na inchi 10 na nusu hivi.

Makosa manne tunayokutana nayo

Kosa la kwanza ni nukta kati ya futi na inchi. Tumeshaeleza. Kuanzia sasa tunaomba pasiwepo nukta. Aandike "futi 20 inchi 10", au aandike "inchi 250".

Kosa la pili ni kusema inchi ni sentimita mbili na nusu. Kwa msumari haina neno. Kwa jengo la futi 40, yaani inchi 480, ukitumia 2.5 utapata mita 12.00, na ukitumia 2.54 utapata mita 12.19. Zimepotea sentimita 19, zaidi ya unene wa ukuta wa tofali la inchi 6.

Kosa la tatu ndilo linalokula fedha nyingi zaidi, nalo liko kwenye maeneo. Chukua sakafu ya futi 20 kwa futi 30. Eneo lake ni futi za mraba 600. Tumewahi kuona hesabu ambapo 600 ilizidishwa kwa 0.3048 ikaandikwa mita za mraba 182.88. Si kweli. Badili kila upande kwanza: mita 6.096 kwa mita 9.144, kisha zidisha; jibu ni mita za mraba 55.74. Yule wa kwanza ataomba saruji na vigae mara tatu ya mahitaji, na mfadhili atajiuliza tunajenga darasa au ukumbi wa mikutano. Ni hivyo hivyo kwa ujazo. Sakafu hiyo ikiwa na zege nene la inchi 4, yaani mita 0.1016, zege lote ni 55.74 x 0.1016 = mita za ujazo 5.66.

Kosa la nne ni kuchanganya vipimo ndani ya kazi moja. Bati la futi 10 lina mita 3.048. Bati la mita 3 ni fupi kwa karibu sentimita 5. Kama mteremko wa paa lako unahitaji mabati mawili kwa urefu, umepungukiwa karibu sentimita 10, na huenda hizo ndizo za kulalia bati moja juu ya jingine. Ukianza hesabu kwa futi, nunua kwa futi; ukianza kwa mita, nunua kwa mita.

Mahali ambapo inchi ni jina tu

Hapa tunaomba mwe makini, maana hata mwenye hesabu safi anaweza kukosea. Baadhi ya bidhaa zimebaki na jina la inchi bila kuwa na kipimo hicho.

Bomba la chuma la nusu inchi ukilipima kwa nje lina milimita 21.3, wakati nusu inchi ya kweli ni milimita 12.7. Bomba la plastiki la maji machafu tunaloliita la inchi 4 kwa kawaida lina milimita 110 kwa nje, ingawa inchi 4 ni milimita 101.6. Ukipeleka dukani jibu la kikokotoo na kudai bomba la milimita 101.6, utarudi mikono mitupu.

Nondo ni jambo zito zaidi. Wengi huiita nondo ya milimita 12 "nusu inchi". Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti ya milimita 0.7 ni ndogo machoni, lakini nondo ya milimita 12.7 ina chuma zaidi kwa asilimia 12. Kwa hiyo nondo ifuate mchoro wa mhandisi kwa milimita zake, na asiwepo mtu wa kuibadili kwa mazoea.

Mbao nazo zipimwe kwa mkono. Mbili kwa nne kwa hesabu ni milimita 51 kwa 102, na wachoraji huandika 50 kwa 100. Ikishapigwa randa hupungua. Anayepokea mzigo aende na futi kamba yake, apime mbao kadhaa kutoka juu, katikati na chini ya rundo kabla ya kusaini.

Somo kutoka kwenye reli zetu

Anayedhani sentimita chache si kitu aangalie reli za nchi yetu. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, na tawi la kutoka Tabora lililofika Mwanza mwaka 1928 lilifuata upana huo huo. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilifuata upana wa reli za kusini mwa Afrika, futi 3 na inchi 6. Tupige hesabu yetu: inchi 42 x 0.0254 = mita 1.067. Tofauti ya reli hizi mbili ni sentimita 6.7, upana wa vidole vinne vilivyobanana. Kwa sababu ya vidole hivyo vinne, behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine, na pale Kidatu zinapokutana mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Reli mpya ya SGR, ambayo kipande chake cha Mwanza hadi Isaka kilianza kujengwa mwaka 2021, ina futi 4 na inchi 8 na nusu. Hizo ni inchi 56.5; zidisha kwa 0.0254 upate mita 1.435. Hata reli ya kisasa kabisa bado imebeba inchi za Waingereza ndani yake. Kwa hiyo inchi tutaendelea kuishi nayo, na wajibu wetu ni kuijua.

Tunachoomba kila kamati ifanye

1. Ichague mwanakamati mmoja wa vipimo, awe mama, kijana au mzee, mwenye kuweza hatua nne zilizotajwa hapo juu. Asiwe fundi mwenyewe wala mwuzaji.
2. Kila kipimo kipimwe na watu wawili, kila mmoja kwa futi kamba yake, na waandike bila kuoneshana. Wakitofautiana, wapime tena.
3. Daftari liwe na safu mbili: kipimo kama kilivyosomwa na jina lake, na kipimo hicho kwa mita. Sisi ofisini tutarudia hesabu kutoka safu ya kwanza. Zikipingana, hatununui kitu mpaka tupige simu.
4. Futi kamba iliyokatika ncha itupwe. Ikianzia inchi 1 badala ya sifuri, kila kipimo kinadanganya.
5. Ukiwa na shaka na kipimo cha dukani, Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya kusimamia vipimo vya biashara nchini, nao wana ofisi mikoani. Kuuliza hakuna aibu.

Jedwali la kubandika ukutani

Inchi 1 = mita 0.0254
Inchi 2 = mita 0.0508
Inchi 4 = mita 0.1016
Inchi 6 = mita 0.1524
Inchi 8 = mita 0.2032
Inchi 9 = mita 0.2286
Futi 1 = mita 0.3048
Futi 3 = mita 0.9144
Futi 10 = mita 3.048
Futi 12 = mita 3.6576
Futi 20 = mita 6.096

Zoezi la kikao kijacho

(a) Ukuta wa futi 15 na inchi 7 una mita ngapi?
(b) Dirisha la inchi 47 na nusu lina mita ngapi?
(c) Chumba cha futi 12 kwa futi 14 kina mita za mraba ngapi?

Majibu: (a) inchi 187, mita 4.75. (b) mita 1.2065, yaani mita 1.21. (c) mita 3.6576 kwa mita 4.2672, mita za mraba 15.61.

Neno la mwisho

Kwenu wafadhili tunaomba jambo dogo: mnapotuma mchoro au makadirio, andikeni jina la kipimo kwenye kila ukurasa. Nasi kwa upande wetu, tangu lile la Igoma, kila taarifa tunayowatumia ina safu zote mbili, ili nanyi mweze kuturudi tukikosea.

Watu wa Mungu waliagizwa tangu zamani, katika Mambo ya Walawi 19:35, kutenda haki katika kupima urefu, si uzito peke yake. Tulizoea kulihubiri neno hilo kwa wenye mizani sokoni. Sasa tunalisoma pia kwa ajili ya daftari letu. Darasa la Igoma limeezekwa na watoto wapo ndani. Ukutani, nyuma ya mlango, kamati imeandika kwa rangi: upana inchi 250, mita 6.35. Ukifika huko na futi kamba yako, karibu upime.